Wiki moja achana na Emirates, nenda Champion Hill

Kila ndugu anayekuja London kunitembelea kutoka Dar ombi lake ni lilelile, nipeleke Emirates kwa Arsenal, nipeleke Stamford Bridge kwa Chelsea, hata kama tiketi hakuna tukapige picha nje. Sawa, huwa nawapeleka. Safari hii kaja mdogo wangu wa mwisho nikamwambia Jumamosi tunaenda ninapopapenda mimi, akauliza timu gani, nikamwambia Dulwich Hamlet, akanyamaza ile ya kuniheshimu kaka yake tu.

Treni kutoka London Bridge mpaka East Dulwich ni muda mfupi sana, ukishuka unatembea kidogo, unapita kwenye supamaketi kubwa na uwanja uko pembeni yake hapohapo. Unaitwa Champion Hill, unachukua watu kama 3,000. Huu wa sasa ulifunguliwa 1992, ule wa zamani ulikuwa mkubwa zaidi, mwaka 1933 waliingia watu zaidi ya 20,000 kwenye fainali ya kombe la ridhaa, na Olimpiki ya 1948 Korea Kusini waliwafunga Mexico 5-3 palepale. Njia ya kuingilia inaitwa Edgar Kail Way. Huyu Kail aliichezea England mara 3 mwaka 1929 akiwa mchezaji wa hapahapa, timu ya mtaa, hakwenda kulipwa kokote, na mpaka leo mashabiki wanaimba jina lake wakati wengi wao hata baba zao hawakumwona akicheza!

Kiingilio ukilinganisha na Ligi Kuu ni kama bure. Ukishaingia hakuna mtu wa kukwambia kaa siti namba fulani, unasimama unapotaka, nyuma ya goli, pembeni ya benchi, watu wamekuja na watoto wamekuja na mbwa, na bia unaruhusiwa kunywa huku unaangalia mpira kitu ambacho kule juu kwenye ligi kubwa sheria inakataza. Jezi yao pinki na bluu. Halafu hiki ndo kilimmaliza mdogo wangu, mapumziko mashabiki wote wakanyanyuka wakahama kwenda nyuma ya goli la upande wa pili, kwasababu timu yao sasa inashambulia kule. Akaniambia kaka, si kama mchangani kwetu! Nikamwambia ndo nilichokuleta uone.

Maana mpira wa pale unausikia. Unamsikia golikipa anavyomfokea beki, unasikia viatu vikigongana, mshika kibendera anaambiwa maneno na mzee aliyesimama mita mbili nyuma yake na anageuka kumjibu kabisa. Sisi tumeujua mpira wa Uingereza kwenye kibanda umiza, tunajua mshahara wa kila winga, lakini hatujui kwamba chini ya zile timu 92 za ligi nne za juu kuna mamia ya timu kama hii, na mimi naamini kabisa roho ya mpira wao iko huku.

Na roho yenyewe kidogo ipotee. Machi 2018 hawa jamaa walifungiwa nje ya uwanja wao wenyewe, ugomvi na wenye ardhi waliotaka kujenga nyumba, ikafika mpaka wakaambiwa hata jina la klabu wasilitumie, klabu ya tangu 1893! Wakaenda kuhifadhiwa na mahasimu wao wa siku zote Tooting & Mitcham. Mashabiki wakaandamana, wakachangishana, wabunge wakaliongelea bungeni, na wakiwa hukohuko ugenini timu ikapanda daraja. Desemba 2018 wakarudi nyumbani. Kutoka daraja lile walishuka 2023 lakini uwanja bado wanao na kwangu hilo ndo kubwa, timu ikishuka itapanda, uwanja ukishajengwa maghorofa umeondoka moja kwa moja.

Hapo ndo naumiaga, yani kiwanja nilichojifunzia mpira mimi na mdogo wangu leo kina ukuta na geti, tulikuja kujua siku matofali yalipomwagwa, na hakuna aliyeandamana, hata mimi nilinung'unika tu nikaendelea na maisha. Tunaweza kujaza barabara nzima Simba na Yanga wakicheza lakini kiwanja cha mtaa kikiuzwa kila mtu anadhani kuna mwingine atakayesema.

Mechi iliisha jioni, kijibaridi kimeanza, wachezaji wakawa wanapita katikati ya watu kwenda kuoga na watoto wanawapa mikono. Mdogo wangu alinunua skafu mbili za pinki na bluu, moja yake, nyingine anampelekea kocha wetu wa zamani ambaye mpaka leo anafundisha watoto, siku hizi kwenye uwanja wa shule ya msingi, jioni wanafunzi wakishatoka.