Mtoto mwenye usonji akinyamaza, ametulia au amejibana tu?

Kwenye mambo ya usonji kuna kauli utaisikia kila kona, "anza mapema, ubongo wa mtoto bado unajengeka", na mimi sibishani nayo hata kidogo. Mtoto wa miaka miwili mitatu ukimpa njia ya kusema "imetosha" kabla hajazoea kujigonga kichwa ukutani umemsaidia sana. Ila nauliza, unaanza mapema kufanya nini? Kumfundisha mtoto kumudu hisia zake na kumfundisha asisumbue watu ni vitu viwili, shida ni kwamba ukivitazama kwa mbali vinafanana kabisa.

Wanaosema tusichelewe wana hoja nzito. Huyu mtoto sauti ya blenda inamuumiza, lebo ya shati inamkwaruza shingo, alafu ratiba imebadilika na hakuna aliyemwambia, vyote hivyo vinajaa ndani na maneno ya kuvitoa hana. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2019 ulikuta karibu nusu ya watu wenye usonji wanapata shida kutambua na kutaja wanachohisi, wakati kwa wasio na usonji ni kama 5 kwa 100. Sasa mtu hajui kama hii ni njaa au hofu au hasira, atajitulizaje? Ndo maana kulipuka kwake sio jeuri. Mtoto anayelilia simu anakuchungulia kwa jicho la pembeni kuona kama umelegea, ukimpa kilio kinakata palepale, lakini aliyezidiwa hata umuwekee hiyo simu mkononi haioni.

Na kuna ushahidi kwamba kuanza mapema kunaleta kitu. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa mfumo wa Denver, tiba inayomfundisha mtoto mdogo kupitia michezo, watoto 48 wa miezi 18 mpaka 30, na baada ya miaka miwili waliopata tiba hiyo walikuwa mbele kwa lugha na akili ya jumla kuliko waliopata huduma za kawaida. Mwaka huohuo Uingereza wakatoa utafiti wa tiba inayoitwa PACT, watoto 152, pale anayefundishwa zaidi ni mzazi, anaonyeshwa video zake mwenyewe akicheza na mwanae ili aone ishara anazozikosa. Walipofuatiliwa miaka kama sita baadaye, majibu yakatoka 2016, dalili za usonji zilikuwa nafuu kuliko kwa wenzao. Nzuri sana. Lakini soma mpaka chini, kwenye wasiwasi, huzuni na tabia ngumu hakukuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Yaani mawasiliano yalisogea, hisia hazikufuata zenyewe kama tulivyodhani zingefuata. Hapo ndo nawashangaa wanaomwambia mzazi mtoto akianza kuongea tu vilio vitaisha.

Upande wa pili wapo watu wazima wenye usonji waliopitia hizi tiba utotoni na wanasema wazi, tulichojifunza ni kujificha. Sio maneno ya hasira tu. Utafiti wa mwanasaikolojia Lovaas wa 1987 uliojenga jina la tiba ya masaa 40 kwa wiki, ule wa watoto 9 kati ya 19 kufika darasa la kawaida, ulitumia pia kukaripia kwa sauti kubwa na kofi la paja, na watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa kura. Leo makofi yameachwa sehemu nyingi ila fikra imebaki, mtoto anaambiwa "mikono chini" kila akipunga mikono, na kule kupunga ndiko anakojituliza! Unamnyang'anya breki alafu unamlaumu gari limegonga. Na masaa 40, jamani, hiyo ni wiki ya kazi ya mtu mzima.

Wanaosema basi muache, atakua, nao siwaungi mkono. Mtoto anayejing'ata mpaka damu hawezi kusubiri tumalize kubishana, wala mama ambaye hajalala wiki nzima.

Mimi nasimama hapa: anza mapema, lakini anza na chumba na mtu mzima kabla ya mtoto. Mtoto wa miaka mitatu yeyote, awe na usonji asiwe nao, bado hawezi kujituliza peke yake kikamilifu, kwa sehemu kubwa anatulia kwa kuazima utulivu wa aliye karibu yake, sasa kama na wewe umepandisha hasira ataazima nini? Punguza kelele, muonyeshe kwa picha kinachofuata, mpe ishara moja ya "nipumzike" na uiheshimu kila akiitumia hata kama imekukatia shughuli, maana ukiipuuza mara tatu ataitupa na kurudi kwenye kung'ata. Akishalipuka acha maneno, kaa karibu, subiri. Maelezo baadaye.

Kuhesabu vilio peke yake kunadanganya. Ningeangalia anarudi kwenye utulivu baada ya muda gani, ameomba msaada mara ngapi, na akitoka kwenye tiba anafikaje nyumbani. Kuna watoto kituoni malaika, wakivuka mlango wa nyumbani wanalipuka, na mzazi anaambiwa yeye ndo anadekeza, kumbe mtoto kajibana tangu asubuhi na nyumbani ndo mahali pekee anapothubutu kuachia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tiba ni masaa mangapi, muulize terapisti kitu kimoja, mtoto akikataa zoezi mnafanyaje? Akikujibu "tunaendelea tu mpaka azoee", mimi ningembeba mwanangu tukaondoka.