Mwalimu wa yoga apimwe kwa macho yake

Wengi wanaotafuta mwalimu wa yoga huvutiwa kwanza na mwili wake: jinsi anavyojikunja, anavyosimama kwa kichwa, na picha alizopigwa ufukweni jua likichwa. Kipimo hicho kinapotosha, kwa kuwa wepesi wa viungo haumfundishi mwenye viungo hivyo lolote kuhusu goti la mwenzake. Mwalimu bora, kwa maoni yangu, ni yule anayejua kutazama.

B.K.S. Iyengar, mwalimu maarufu wa yoga aliyezaliwa India mwaka 1918, alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, aliyepitia malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Shemeji yake Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha Mysore, ndiye aliyemwingiza katika yoga, na mwaka 1937 kijana huyo akahamia Pune kufundisha. Naamini ni kwa sababu mwili wake mwenyewe ulikuwa umemgomea ndipo akachunguza kila mkao kiungo kwa kiungo, hata akaanza kutumia mishipi, kamba, viti, blanketi na vipande vya mbao ili mzee au mgonjwa naye aufikie mkao bila kuumia. Ukali wake darasani ulijulikana mno, na kwa hilo simsifu. Ila jicho alikuwa nalo.

Mwenye jicho la namna hiyo huuliza kabla ya kuanza nani ana mimba, nani anaumwa mgongo, na nani ana shinikizo la damu au glakoma (ugonjwa wa macho), kwani hao wawili wa mwisho kusimama kwa kichwa kunaweza kuwadhuru. Darasa likiendelea, huacha mkeka wake akazunguka akisikiliza pumzi, maana anayeibana amekwisha kupita uwezo wake. Tena hamgusi mtu bila idhini.

Cheti nacho? Kiwango kilichoenea duniani, cha shirika la Yoga Alliance la Marekani, ni mafunzo ya saa 200, ambayo huko Rishikesh, nchini India, watu huyamaliza kwa takriban mwezi mmoja. Ni mwanzo tu, ingawa wapo wanaokitundika ukutani kana kwamba ni shahada ya udaktari.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya mwezi, omba kuhudhuria kipindi kimoja, umweleze mwalimu kwamba goti linakuuma, kisha uangalie kama atakukunjia blanketi uliweke chini yake au atakuambia tu kwamba utazoea.