Tuache Kufundisha Joto kwa Mlipuko

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa kemia alikata kipande cha sodiamu, kikubwa kama punje ya harage, akakitupia kwenye beseni la kioo lenye maji. Kilielea kikizunguka huku kikivuma, kikayeyuka na kuwa kigololi cha rangi ya fedha, kisha kikapasuka kwa kishindo. Darasa zima tulishangilia, isipokuwa binti mmoja wa benchi la mbele. Tone la yale maji, ambayo wakati huo yalishageuka kostiki, yaani kemikali kali inayochoma ngozi, lilikuwa limemrukia juu ya nyusi. Tulimwosha kwa maji ya ndoo, na nashukuru jicho lilipona. Hakuna aliyevaa miwani siku ile, hata mwalimu mwenyewe.

Leo nafundisha somo lilelile. Nikikutana na wale niliosoma nao, wote wanaukumbuka mlipuko, lakini sijapata hata mmoja wa kunieleza lile joto lilitoka wapi. Ndiyo maana naona mlipuko ni mwalimu mbaya, hata siku ambayo haumjeruhi mtu.

Wanafunzi wengi huamini kuwa nishati imefichwa ndani ya vifungo vya kemikali, yaani viungo vinavyoshikanisha atomu, na kwamba kifungo kikikatika, joto linamwagika. Ukweli ni kinyume chake. Kukata kifungo hula nishati, na kuunda kifungo kipya hutoa nishati. Kinachotolewa kikizidi kilicholiwa, ile ziada ndiyo joto tunalolihisi. Jambo hili linahitaji utulivu. Huwezi kumweleza mtoto ambaye masikio yake bado yanavuma.

Mimi hutumia mrututu, yaani chumvi ya shaba (kopa salfeti), uleule wa bluu ambao wakulima wanaujua kama dawa ya mimea. Nayeyusha gramu 25 katika maji ya kutosha nusu lita, kisha kila kundi linapata sentimita za ujazo 25 tu kwenye kikombe cha plastiki. Wanasoma kipimajoto na kuandika. Halafu wanatia gramu 1 ya unga wa zinki na kukoroga taratibu. Bluu inafifia mbele ya macho yao, shaba nyekundu inatuama chini, na kipimajoto kinapanda karibu nyuzi 10. Nawaambia wakishike kikombe kwa nje. Hapo ndipo darasa linanyamaza, kwa sababu uvuguvugu umo kiganjani mwao na hakuna kibiriti kilichowashwa. Kisha tunapiga hesabu ya joto lililotoka: gramu 25 za maji, mara 4.2 (juli, yaani kipimo cha nishati, zinazopasha gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1), mara nyuzi 10, takriban juli 1,050. Namba ile wameipata wenyewe, hawakuinakili ubaoni. Mrututu ni sumu, kwa hiyo hakuna anayeutia kidole, wote wananawa mikono baadaye, na mabaki tunayaweka kwenye chombo chake, hatuyamwagi mtaroni.

Kostiki nayo inafaa, na nyumbani kwa wanafunzi wangu si ngeni kwa sababu wako akina mama wanaotengeneza sabuni. Gramu 2 katika mililita 50 za maji zinatosha kupandisha joto nyuzi 10 hivi. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, kama ilivyo kwa asidi kali: asidi iende kwenye maji, maji yasiende kwenye asidi. Ukigeuza, maji machache yanachemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Nasisitiza pia wasitumie sufuria ya alumini kamwe, maana kostiki huila na kutoa haidrojeni inayoshika moto. Kostiki ikiingia jichoni, usingoje wala usitafute dawa. Osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, ndipo mkimbilie hospitali.

Kuna watakaosema bila moto wanafunzi hawavutiwi. Nawaomba watazame yaliyotokea Marekani mwaka 2014. Januari, katika shule moja ya New York, wanafunzi waliungua mwalimu akionyesha rangi za miali kwa methanoli, spiriti inayoshika moto upesi. Septemba ikawa jumba la makumbusho ya sayansi huko Reno, na wiki mbili hazijaisha, shule moja ya Denver. Chanzo kilifanana: methanoli ya chupa kubwa ilimiminwa karibu na moto. Mvuke wake unawaka na moto unarudi hadi ndani ya chupa. Oktoba mwaka huohuo bodi ya serikali inayochunguza ajali za kemikali ikatoa onyo kwa waelimishaji. Hawa walikuwa watu wenye maabara nzuri kuliko zetu.

Kwa hiyo jaribio lolote jipya nalifanya kwanza peke yangu, jioni, wanafunzi wakishaondoka, kwa kipimo kidogo kabisa. Likinishtua, haliingii darasani. Na linaloniuma ni kuona kemikali zinanunuliwa haraka mtihani wa vitendo ukikaribia, huku miwani ya kinga ikiachwa kwa sababu haimo kwenye orodha ya mtihani. Miwani hudumu miaka, asidi huisha muhula mmoja. Nina miwani 12 kwa wanafunzi 48, kwa hiyo vitendo vinafanywa kwa zamu nne, na wasio na miwani wanakaa nyuma kabisa wakisubiri. Kwa ajili ya muhula ujao nimeandika barua ya kuomba 36 nyingine, na kwenye orodha yangu nimeziweka juu ya asidi.