Chupa za kilio cha Babu

Usiku wa pili wa kilio, wageni walipoanza kupungua, niliwakuta binamu zangu wakifagia uwanja. Chupa tupu za maji na za juisi walikuwa wameziweka lundo moja la kufika magotini, na mmoja wao alishaanza kulisukumia kwenye kanivo, mfereji wa maji ya mvua. Nilipiga kelele mbele ya wazee wa familia, kelele ambayo mtoto wa kike hatakiwi kuipiga kwenye matanga: "Si leo! Si kwa huyu!" Wakanitazama kama mtu ambaye uchungu umemzidi. Bibi peke yake ndiye aliyeelewa. Alimtuma mtoto kwa jirani akaombe mifuko mitupu ya mchele.

Babu alikuwa injinia wa umeme. Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, walimwita Papa Enjeniere, na jina hilo halikumtoka hata baada ya kustaafu. Kazi yake ilikuwa Ruzizi ya kwanza, santrali ya umeme wa maji iliyojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, pale mto Ruzizi unapoanza kushuka baada ya kutoka ziwa Kivu. Aliingia miaka ya 1970 akiwa kijana mwenye diploma ya A1, akakuta mashine nne ambazo zote pamoja hazifiki megawati 30. Bukavu ya siku zile ziliitosha. Leo nyumba zimepanda hadi kwenye miteremko ambako Babu alikuwa akiona migomba tu, na mashine ni zilezile. Ruzizi ya pili ilikuja mwaka 1989, karibu megawati 44, lakini hiyo tunagawana nchi tatu, sisi, Rwanda na Burundi.

Siku ya mazishi wasemaji walitaja diploma yake, nyumba yake ya matofali ya kuchoma, watoto aliowasomesha. Yote ni kweli na nawashukuru. Ila hakuna aliyetaja grili, nami naona kwamba hapo tulimzika Babu nusu.

Grili ni ukuta wa vyuma vilivyosimama wima na kukaribiana, mbele ya mlango ambamo maji yanaingia kwenda kuzungusha turbini. Kila kinachoelea kinanaswa hapo. Miaka ya mwanzo, alituambia, walikuwa wanatoa majani, matawi, mara mojamoja mzoga wa mbuzi. Halafu zikaja chupa za plastiki, na kuanzia hapo hawakupumzika tena. Nyingine zinaelea, nyingine zinajaa matope na kuzama, zinaziba grili kutoka chini ambako jicho halifiki. Grili ikiziba, maji yanapita kidogo, mashine inakosa nguvu na kuanza kutetemeka. Mwishowe mnaisimamisha ili watu washuke kuisafisha. Mashine moja ikisimama, kuna mitaa inayolala gizani, na asubuhi watu wanasema ni delestaji tu, mgao wa umeme, kama vile delestaji ni mvua inayotoka kwa Mungu.

Nilikuwa na miaka tisa nilipotupa chupa yangu ya juisi kwenye kanivo mbele ya macho yake. Hakunigombeza. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo maisha yake yote aliniita Mama, hata nilipokuwa nimekosa. Akasema, "Mama, vaa viatu. Tuifuate."

Tukaifuata. Ilikuwa msimu wa mvua na maji yalikuwa na mbio. Chupa ilishuka na kanivo, ikapotea chini ya daraja dogo la mbao, ikatokea upande wa pili, ikaingia kwenye bonde ambako watu walikuwa wamemwaga majivu, maganda ya ndizi na nguo kuukuu. Babu alikuwa akitembea mikono mgongoni kama mtu anayekagua kazi. Tulipofika mto Kawa chupa yangu ilikuwa na wenzake wengi hivi kwamba sikuweza tena kuitofautisha. Kule Kawa inakoingia ziwani nilimwambia imepotea.

"Haijapotea. Ziwa hili lina mlango mmoja tu."

Akanipandisha gari hadi karibu na Ruzizi, na njiani akanisimulia jambo ambalo hata shuleni sikuja kulisikia vizuri kama siku ile. Zamani sana Kivu haikuwa inatoa maji upande wetu. Ilitoa kaskazini, kuelekea Nile. Halafu volkano za Virunga zikaota, zikaziba njia, maji yakapanda miaka kwa miaka hadi yakapata upenyo huku kusini, Bukavu. Ndiyo maana ziwa liko juu, karibu mita 1,460, na Tanganyika iko chini, karibu mita 770, na Ruzizi inakimbia katikati. "Baraji ya kwanza, bwawa la kwanza, ilijengwa na moto wa Nyiragongo na ndugu zake," alisema. "Sisi tuliikuta kazi imekwisha, tukaongeza chuma."

Mlinzi wa santrali alimsalimia kwa mikono miwili na kuturuhusu kusogea. Hapo nikaona zulia la chupa, kutoka ukingo hadi ukingo, za bluu, za kijani, nyeupe, pamoja na kandambili na mpira wa mtoto. Wanaume wawili walikuwa wanazivuta kwa ndoano ndefu. Nikamuuliza yangu iko wapi. Babu alifikiri kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kujibu bila kupima. "Yako bado. Itafika siku zijazo. Hizi ni za wenzako."

Sikutupa tena chupa.

Mwaka 2008, ile Jumapili ya tarehe 3 Februari ambapo ardhi ilitikisika na kuta zikaanguka Bukavu, Babu alikuwa ameshastaafu. Alituhesabu wote uwanjani, akahakikisha Bibi hajaumia, kisha akateremka na koti lake la kanisani kwenda kuuliza hali ya santrali. Alirudi giza likianza, viatu vyeupe kwa vumbi. Bibi alimkasirikia juma zima. Mimi leo namwelewa Bibi, na Babu namwelewa pia.

Najua nitakachojibiwa. Mama anayeishi kwenye mteremko wa Kadutu, ambako hata mkokoteni haufiki, takataka zake azipeleke wapi? Swali ni la haki, na Babu mwenyewe alikuwa analiuliza kwa sauti kubwa kwenye mikutano ya mtaa. Komini, yaani manispaa, inadaiwa. Serikali pia inadaiwa: Desemba 2017 ilitia saini amri ya kukataza mifuko na vifungashio vya plastiki, na hadi leo mifuko hiyo inauzwa sokoni mchana kweupe, wakati ng'ambo ya mto huohuo Rwanda iliikataza tangu 2008. Na ziwa si la Bukavu peke yake. Kinachotupwa Goma nacho kinautafuta mlango uleule. Yote haya nayakubali. Ninachokataa ni kusikia mtu akiwalaani watu wa umeme usiku kucha, ilhali mchana mkono wake ulikuwa kwenye kanivo. Nimewaona wanaume hao na ndoano zao. Nilikuwa na mmoja wao nyumbani, mikono yake ilikuwa na makovu ya plastiki iliyokatika, na alipokufa tulikunywa maji ya kumlilia, kisha tukataka kuzituma chupa zilezile kwa wenzake waliobaki kazini.

Tulijaza mifuko saba. Mitano nimeshaipeleka sokoni Kadutu, kwa wamama wanaouza mawese na pombe ya kasiksi, ambao chupa nzima yenye kifuniko kwao ni mali. Mmoja aliniuliza nimefanya sherehe gani. Nikamwambia ni kilio cha Papa Enjeniere. Akaacha kuhesabu, akakaa kimya, kisha akakataa niondoke bila chupa moja ya mawese ya kumpelekea Bibi. Mifuko miwili bado iko nyuma ya jiko; ni chupa zilizopasuka na sijapata wa kuzichukua.

Jana saa mbili usiku umeme ulikatika. Zamani Babu angetoka nje kutazama vilima: kama kote ni giza, ni santrali, kama ni kwetu tu, ni kabine, transfoma ya mtaa, imeungua. Nilikuwa natafuta mshumaa niliposikia mlango. Bibi, ambaye tangu mazishi hajatoka nje bila kushikwa mkono, alikuwa amesimama barazani na kitenge chake begani, anatazama mtaa wa ng'ambo.

"Muhumba kunawaka," alisema. "Ni kabine."