Anayejificha, Anajificha Machoni pa Nani?

Tunapozungumzia wanyama wanaojificha kwa rangi zao, mfano wa kwanza unaotolewa shuleni na majumbani ni kinyonga, na maelezo huwa ni yale yale: akipanda kwenye majani huwa wa kijani, akihamia kwenye tawi kavu huwa wa kahawia. Maelezo hayo yana ukweli kidogo tu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walionyesha kwamba kinyonga wa Madagaska waliyemchunguza hubadili rangi kwa kusogeza karibu au kutenganisha fuwele ndogo mno zilizomo ndani ya seli za ngozi yake, na dume hufanya hivyo hasa anapokabiliana na dume mwenzake au anapomtongoza jike. Rangi kali anazotoa wakati huo humfanya aonekane. Kinachomficha siku nyingine zote ni rangi yake ya kawaida, mwili wake bapa na ule mwendo wa kuyumbayumba unaofanana na jani linalopepea. Wale vinyonga wadogo wenye mkia mfupi wanaoishi chini ya miti katika misitu ya Usambara na Uluguru hufanana na jani lililokauka hata ukiwa umewainamia.

Nimeanza na kinyonga kwa sababu anaonyesha kosa tunalolifanya mara kwa mara, la kueleza kujificha kana kwamba ni sifa ya ngozi peke yake, ilhali ni jambo linalohitaji wawili: anayejificha na anayetafuta. Rangi, umbo, harufu au utulivu huwa maficho pale tu anayetafuta anaposhindwa kukitenganisha kiumbe na mazingira yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anayetafuta, na anatumia nini kutafuta.

Mistari ya pundamilia, kwa mfano, imeelezwa kwa miaka mingi kuwa ni ya kumchanganya simba. Lakini simba akiwa mbali haioni mistari hiyo vizuri, na jaribio lililochapishwa mwaka 2019, ambamo farasi wa Uingereza walivishwa mavazi yenye mistari, lilionyesha kwamba nzi wanaouma waliwazunguka kama kawaida ila mara nyingi walishindwa kutua. Jicho linalobabaishwa ni la nzi. Nyoka aitwaye kifutu naye anahitaji kufichika zaidi ya macho, kwa kuwa hulala mahali pamoja kwa muda mrefu akivizia mawindo, na wanaomtafuta wengi hutumia pua. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mbwa waliofunzwa kutambua harufu za nyoka walishindwa kuitambua ya kifutu.

Katika viumbe wote, anayenistaajabisha zaidi ni pweza. Vifuko vya rangi vilivyo kwenye ngozi yake huvutwa na misuli inayopokea amri moja kwa moja kutoka kwenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana anaweza kubadilika kwa muda usiofika sekunde moja, tena anaweza kuinua vinundu vya ngozi hadi akakwaruza kama mwamba wenyewe. Haya yote anayafanya huku jicho lake, kwa kadiri inavyojulikana, halitofautishi rangi. Samaki mkubwa anaweza kupita juu yake asimwone. Hata hivyo, maji yanapokupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hupwa kupita kawaida, wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja hutembea juu ya mwamba na vijiti vyao na kurudi na pweza. Hawashindani na ngozi yake. Wanatafuta shimo lenye vijiwe vilivyopangwa mlangoni na magamba ya kaa yaliyotupwa karibuni, kwa sababu pweza amejifunza kuficha mwili wake lakini hafichi mabaki ya chakula chake. Huo ni utaalamu kamili, na nasikitika kuona mara nyingi ukihesabiwa kuwa ni kuokota tu.

Binadamu naye ameshindwa kwa namna hiyo hiyo, na mfano mkubwa uko katika pwani yetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Mabaharia walikata matawi na kuyafunga kwenye milingoti ili meli ichanganyike na mikoko, na kwa mtu aliyekuwa baharini hila hiyo ilifaa. Lakini mwishoni mwa Oktoba iligunduliwa, Waingereza wakaleta ndege, na jicho lililotazama kutoka juu halikuwa lile ambalo matawi yale yalifungwa kulidanganya. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za Kiingereza zilizoweza kupita kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, ziliishambulia huku ndege ikielekeza mizinga, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe.

Nguo za mabakamabaka zilitokana na vita vya karne hiyo hiyo, na porini kazi yake inaeleweka. Mjini hali hugeuka, kwa sababu kombati katikati ya soko humtangaza aliyeivaa, na raia anayeivaa bila haki hujificha nyuma ya heshima ambayo watu wanalipa jeshi. Ndiyo maana naona lilikuwa jambo sahihi kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), mwaka 2023, kuwapa raia siku saba kusalimisha mavazi hayo.

Lakini sharti hilo la kutojificha nyuma ya vazi linapaswa kudaiwa kwa pande zote mbili, raia na dola. Nchini Kenya, tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha, familia zimeeleza jinsi ndugu zao walivyochukuliwa na watu waliofunika nyuso, waliovaa kiraia, wakitumia magari yasiyo na alama yoyote ya polisi, na malalamiko ya namna hiyo yamesikika Tanzania pia. Pweza hujificha machoni pa mwenye nguvu kumzidi. Mtu mwenye bunduki na mamlaka ya dola anajificha machoni pa nani, kama si pa raia yule yule anayelipa mshahara wake? Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inampa anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwake, na haki hiyo haiwezi kutimizwa na mtu asiye na uso. Sare, jina linalosomeka, namba ya gari na kituo anakopelekwa ndugu yao ni mambo ambayo familia iliyobaki mlangoni inapaswa kuyapata kabla gari halijaondoka.