Pasi ile pale Orchard Street

Ahsanteni kwa makala kuhusu jumba la makumbusho la 97 Orchard Street, New York, jengo la zamani la wapangaji wahamiaji. Ila Harris na Jennie Levine, mume na mke walioishi humo na kushona magauni nyumbani mwao, mmewapa mistari miwili tu, na hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo najua maana ya kushona magauni ndani ya nyumba ya vyumba vitatu vidogo, futi za mraba 325 zote kwa pamoja. Wayahudi hawa kutoka Plonsk, Poland, waliishi humo na watoto wao, na wafanyakazi watatu wakija kila siku: mmoja anapiga bandi (anashikiza vitambaa kwa mishono ya muda), mwingine anapiga pasi, wa tatu anamalizia kwa mkono. Harris mwenyewe kwenye cherehani. Pasi zilipashwa moto kwenye jiko lilelile la makaa alilopikia Jennie. Fikirieni joto la Julai!

Jingine mliloliacha: Myahudi mshika Sabato alipenda kufanya kazi kwa Myahudi mwenzake, maana Jumamosi karakana inafungwa bila ugomvi. Tafadhali turudieni na makala nzima juu ya familia hii.