Neno la saba au mizunguko 600,000?

Ofisi nyingi ndogo za Goma hutunza majina ambayo hayapaswi kuonekana: orodha za waliohama vita, mafaili ya wanawake waliobakwa, shuhuda zilizotolewa kwa masharti ya siri. Fundi wa kompyuta akiitwa kuyalinda huja na masharti matatu. Neno la siri liwe na herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Libadilishwe kila miezi mitatu. Na programu ya kusimba faili, yaani kuligeuza lisisomeke bila ufunguo, ipandishiwe mizunguko ya hesabu mpaka kompyuta ihemee. Wapo wengine wanaosema mambo ya alama tuachane nayo, tuchukue maneno saba ya Kiswahili cha kila siku, yaliyochaguliwa kwa dadu, na kama ni lazima yaandikwe kwenye karatasi. Hawa wa pili huchekwa. “Chukudu” na “sahani” vitamzuia nani?

Aliyeiba flashi hapambani na AES, ile mbinu ya kusimba yenyewe. Ufunguo wa biti 256 anauacha ulivyo, anabahatisha neno la siri lililouzaa. Anafanya hivyo kwake nyumbani, kwenye nakala, na hakuna wa kumfungia mlango baada ya kukosea mara tatu. Kinachomchelewesha ni ile hesabu ya kugeuza neno kuwa ufunguo. PBKDF2, hesabu ya namna hiyo ambayo bado imo katika programu nyingi, huchanganya neno na chumvi yake, yaani data ya nasibu, kisha hurudia hesabu ileile maelfu ya mara; kila marudio ni mzunguko mmoja. Waraka wa mwaka 2000 ulioieleza ulipendekeza mizunguko isiyopungua 1,000. Kufikia 2023, OWASP, shirika la usalama wa programu, lilikuwa linapendekeza 600,000 pale hesabu inayorudiwa ni HMAC-SHA-256.

Sasa tufanye hesabu ambayo wanaocheka hawaifanyi. Kutoka 1,000 hadi 600,000 ni kumwongezea mwizi kazi mara 600. Basi. Upande wa pili, chukua orodha ya maneno 1,296, yaani dadu moja ikirushwa mara nne kwa kila neno, 6 × 6 × 6 × 6. Ukiongeza neno moja tu mwishoni mwa kauli yako ya siri, mwizi ameongezewa kazi mara 1,296. Neno “sahani” peke yake limefanya zaidi ya maradufu ya yale yaliyofanywa na viwango vyote katika miaka zaidi ya ishirini, na kompyuta yako haikuchelewa hata sekunde moja.

Tuipime kwa saa. Kadi moja ya michoro ya daraja la juu, zile za kuchezea michezo, hujaribu maneno karibu milioni 9 kwa sekunde pale mizunguko inapokuwa 1,000. Chukua “Goma2024!”, ambalo fundi atalipokea kwa mikono miwili kwa kuwa lina kila alichotaka. Mwizi haanzi na aaaa, aaab. Anaanza na mazoea ya watu: majina na maneno milioni moja, yakianza kwa herufi kubwa, kila moja likifuatwa na mwaka kati ya mia moja, kisha alama kati ya kumi. Jumla ni bilioni 1, na kadi yetu inaimaliza kwa dakika mbili kasoro. Pandisha mizunguko hadi 600,000: kadi inashuka hadi majaribio 15,000 kwa sekunde, na bilioni ileile inaisha kwa saa 18 na nusu. Faida yote ya mizunguko, kwa neno la namna hiyo, ni kwamba mwizi atasubiri mpaka kesho.

Maneno saba kutoka orodha ya 1,296 yana michanganyiko zaidi ya 6 ikifuatwa na sufuri 21. Hata kwa ile mizunguko 1,000 ya zamani, kadi moja ingehitaji miaka zaidi ya milioni 21 kuyapitia yote. Kadi elfu moja, miaka zaidi ya 21,000. Lakini tusidanganyane: maneno matano kwa programu ya zamani hayatoshi. Kadi moja inayamaliza kwa miaka kama 13, kadi elfu kwa siku tano kasoro. Kwa hiyo mtu anayesema “maneno manne tu, yanatosha” amesikia nusu ya habari.

Nusu nyingine ni dadu. Maneno yanayotoka kichwani si ya kubahatisha hata kidogo. “Haba na haba hujaza kibaba” ni maneno matano na halina nguvu ya hata moja, kwa sababu methali, mistari ya Biblia na viitikio vya nyimbo ndivyo vinavyoingizwa kwanza katika orodha za kubahatisha. Na ukirusha upya mpaka maneno yapendeze, umerudi kuchagua mwenyewe. Orodha yenyewe haina ugumu. Tafuta maneno ya herufi nne hadi saba yanayojulikana na kila mtu ofisini. Usiweke “mlima” ukaweka na “milima”. Ondoa yanayochanganyika masikioni, kama “bata” na “bati”. Tenganisha maneno kwa kistari. Orodha kamili inaenea kwenye kurasa chache. Haina haja ya kufichwa, maana hesabu ya hapo juu imekwishachukulia kwamba mwizi anayo. Mirusho 28 na kazi imekwisha.

Kiswahili chenyewe kina faida ambayo haitajwi. Hapa tumesoma kwa Kifaransa, na watu hupenda kutia “é” au “ç” wakidhani wameongeza ulinzi. Kompyuta inaweza kuiandika “é” kama herufi moja, au kama “e” ikifuatwa na alama ya lafudhi. Machoni ni kitu kimoja, kwa programu isiyozilinganisha ni maneno mawili tofauti, na faili linakataa kufunguka Bukavu ilhali Goma lilifunguka. Maneno ya Kiswahili hayana tatizo hilo. Tatizo lake ni kibodi. Nyingi zetu ni za AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, na VeraCrypt, programu ya kusimba, pale inaposimba diski nzima ya mfumo, hupokea neno la siri kabla Windows haijaamka, kwa mpangilio wa Kimarekani. Ukiandika “sahani” kwa mazoea ya vidole, mashine inapokea “sqhqni”; “mvua” inakuwa “;vuq”. Kwa hiyo neno liundwe na lijaribiwe kwa mpangilio huohuo, mara tatu, kabla ya kuweka faili hata moja.

Fundi naye ana hoja, na nzuri. Mizunguko hupandishwa mara moja na mtu mmoja, ikamlinda hata mzembe asiyekubali kubadilika; maneno saba yanadai kila mfanyakazi akubali. Tena leo kuna Argon2, njia nyingine ya kugeuza neno kuwa ufunguo, iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015 na kuandikwa kuwa waraka wa RFC 9106 mwaka 2021. Hii humdai mwizi kumbukumbu, si kasi peke yake. Kila jaribio likidai MiB 64, kadi yenye GB 24 haiwezi kuendesha zaidi ya majaribio kama 380 kwa wakati mmoja. Hilo ni pigo la kweli. Ila lina bei yake katika mji wa kompyuta za mitumba: diski ya LUKS2, usimbaji wa Linux, iliyoundwa kwenye mashine yenye GB 16 inaweza kujiwekea GiB 1 ya kumbukumbu, na siku ya kuifungua kwenye kompyuta kuukuu ya GB 2 ikagoma. Kiwango hicho hushushwa wakati wa kuunda, kwa kufikiria mashine dhaifu itakayotumika.

Kuna pia mahali ambapo maneno saba hayasaidii lolote. Ukitengeneza ZIP kwa usimbaji wa zamani, ZipCrypto, wa kumfurahisha mpokeaji asiye na programu nyingine, udhaifu ulioonyeshwa na Biham na Kocher mwaka 1994 unamruhusu mwenye baiti 12 tu za maudhui yanayojulikana aifungue bila kubahatisha neno lolote. Fomu tupu ya shirika, ambayo kila mtu anayo, inaweza kumpa hizo baiti. Katika 7-Zip, programu ya kubana faili, chagua AES-256, na kwa faili za 7z weka alama ya kusimba majina ya faili pia. Bila hivyo orodha ya majina inasomeka wazi. Mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, naye, hasumbuki na hesabu za mtu yeyote.

Sharti la miezi mitatu ndilo lisilo na pa kusimama. NIST, shirika la viwango la Marekani ambalo waraka wake wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulieneza mazoea hayo, liliyaacha mwaka 2017. Kwa faili zilizosimbwa hali ni mbaya zaidi. VeraCrypt ikibadilishiwa neno la siri huandika upya kichwa tu cha kontena, yaani cha lile faili kubwa lililosimbwa linalobeba mengine. Ufunguo mkuu wa ndani unabaki uleule. Aliyenakili flashi mwezi Januari, akapata neno la Januari, ana ufunguo unaofungua hata kontena la Septemba. Neno likivuja, dawa ni kuunda kontena jipya na kuhamisha faili.

Inabaki karatasi. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Watu waliondoka na walichoweza kubeba kuelekea Sake, Gisenyi, au kwa boti kwenda Bukavu. Karatasi iliyo kwenye begi la kompyuta huondoka na mwizi, na iliyo peke yake kabatini ingebaki Goma siku ile. Iwe na nakala mbili ndani ya bahasha zilizofungwa: ya faili za Goma ikae Bukavu, ya Bukavu ikae Goma, na nakala ya pili ya kila moja awe nayo mtu asiyeshika flashi.